Kabla Hujatia Sahihi Leseni ya Haidrojeni

Faili imetua mezani kwako. Mwombaji anataka kujenga mtambo karibu na Naivasha: paneli za jua, mashine ya kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, matangi, kompresa, na mwisho sehemu ya kugeuza haidrojeni kuwa amonia ya mbolea. Kurasa ni nyingi na picha za paneli zinapendeza. Wewe umezoea petroli na gesi ya kupikia, hii hujawahi kuishika. Mwongozo huu ni wako.

Mwombaji huyu nimembuni, lakini mradi wa aina yake upo. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme safi, Septemba 2023, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, na mbolea ikatangulizwa. Mwaka uliofuata EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ikatoa miongozo. Huko Naivasha kwenyewe kuna mtambo mdogo wa umeme wa jua uliojengwa kutengeneza amonia ya shambani, takriban tani moja kwa siku. Ukubwa huo wa tani moja ndio nitakaoutumia kwenye hesabu zote hapa chini.

Haidrojeni yenyewe ni ya zamani. Viwanda duniani hutengeneza zaidi ya tani milioni 90 kila mwaka, karibu zote kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na wahandisi wake wameshajua pa kukanyaga. Kilicho kipya ni kuitengeneza kwa umeme unaopanda na kushuka na jua, huku jirani akiwa shamba la maua au shule ya msingi. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Dai kilo, usikubali megawati

Waombaji hupenda kuzungumza kwa megawati. Megawati hazilipuki. Kinacholipuka ni kilo zilizokaa ndani ya chombo kwa presha fulani, hatua kadhaa kutoka kwenye uzio. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa faili uwe jedwali: kila tangi, kila bomba kubwa, kila lori litakaloegeshwa, lina kilo ngapi, kwa presha ya baa ngapi, na liko mita ngapi kutoka kwa mtu wa karibu asiyefanya kazi pale.

Kisha hakiki hesabu mwenyewe, haikuchukui dakika kumi. Tani moja ya amonia hubeba karibu kilo 178 za haidrojeni. Kila kilo ya haidrojeni hula yuniti 50 hadi 55 za umeme na lita 9 za maji yanayogeuka gesi, mbali na maji ya kusafisha na kupooza. Tani moja kwa siku basi ni yuniti 9,000 hadi 10,000, na karibu lita 1,600 za maji safi kabisa, kabla hujagusa umeme wa kompresa. Ombi likiahidi tani hiyo kwa yuniti 6,000, lirudishe siku hiyo hiyo. Ama hesabu imekosewa, ama kuna umeme mwingine ambao hujaambiwa.

Umoja wa Ulaya una mistari miwili inayosaidia kupima uzito wa mtambo: tani 5 za haidrojeni na tani 50 za amonia zinauingiza kwenye sheria ya viwanda vya hatari kubwa, halafu tani 50 na 200 zinauingiza kwenye daraja la juu. Sisi hatufungwi na mistari hiyo. Ninaitaja kwa sababu mwombaji ataileta akisema, "Sisi tuko chini." Kuwa chini ya mstari hakumpunguzii masharti ya hatua zinazofuata. Ajali mbili za haidrojeni nitakazozisimulia hapa zilitokea kwenye mitambo midogo.

Hatua ya 2: Faili moja, mlango mmoja

Usiku wa Februari 1, 2024, lori lenye gesi ya kupikia lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Kesho yake EPRA ilieleza kwamba ilikataa maombi ya kujenga kituo pale mara tatu mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa makazi. Baadaye ikabainika kuwa NEMA, mamlaka ya mazingira, ilikuwa imetoa leseni yake, na yenyewe ikakiri kuwa ilitolewa isivyostahili.

Gesi hiyo tunaijua kwa miaka mingi, kanuni zake zipo, na bado ofisi moja ilikataa huku nyingine ikikubali. Haidrojeni itapita milango mingi zaidi: nishati chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, mazingira chini ya sheria yake, EMCA, ya 1999, usalama kazini chini ya sheria ya 2007, maji, viwango, na kaunti, ambayo ndiyo yenye zimamoto kikatiba.

Usisubiri sheria mpya ya kuziunganisha. Andika barua moja ya kurasa mbili, ziisaini ofisi zote, yenye mambo matatu tu: nani anashika faili kuu, kwamba "hapana" ya ofisi yoyote kuhusu mahali pa kujenga inasimamisha nyingine zote, na ni ndani ya siku ngapi kukataliwa kwa ombi kunafahamishwa kwa wenzake. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Ombi lililokataliwa halifi, huzunguka na kuingia kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya 3: Sahau ulichofundishwa na gesi ya kupikia

Niliwahi kuingia chumba cha mitungi ya haidrojeni kwenye kiwanda kimoja. Sakafu inang'aa, mitungi imefungwa minyororo, mabango yote yapo. Kitambuzi cha gesi kilikuwa ukutani, sentimita thelathini kutoka sakafuni. Fundi aliyekifunga alikuwa hodari, miaka yake yote amefunga vitambuzi vya gesi ya kupikia, ambayo ni nzito na hulala chini. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa. Juu yetu, paa la mabati lilikuwa limezibwa vizuri kwenye kingo ili mvua isiingie. Kitambuzi kile kingelia baada ya chumba chote kujaa.

Kwa hiyo ukaguzi wa mahali huanza kwa kutazama juu. Tafuta sehemu ya juu kabisa ya kila chumba na uulize gesi ikifika pale itatokea wapi. Dari ya mbao au jipsamu haifai kabisa, maana inaficha mfuko wa gesi. Matundu ya hewa yawe kwenye kilele, kitambuzi kiwe kileleni hapo hapo na juu ya kila kiungio kinachoweza kuvuja, na king'ora kilie gesi ikifika asilimia 1 ya hewa. Haidrojeni huanza kuwaka kwenye asilimia 4 na huendelea kuwaka hadi 75. Gesi ya kupikia inaishia karibu asilimia 10. Maana yake ni kwamba kwa gesi ya kupikia wingu likizidi kuwa zito linapita kiwango cha kuwaka, lakini kwa haidrojeni karibu kila mchanganyiko unashika moto. Cheche inayohitajika ni ndogo kuliko ile unayoihisi ukivua sweta.

Halafu soma vibandiko vya taa, swichi na mota. Kifaa cha mahali penye gesi inayolipuka huwa na alama ya kundi: IIA, IIB au IIC. Taa ya kituo cha gesi ya kupikia inaweza kuwa IIA na ikawa halali kabisa pale. Haidrojeni inataka IIC, au IIB yenye nyongeza ya H2. Usikubali karatasi ya muuzaji. Panda ngazi, futa vumbi, soma kibandiko chenyewe. Nimeona mara moja tu maandishi ya faili na ya taa yakitofautiana, na mara hiyo moja ilinitosha.

Kuhusu harufu: gesi ya kupikia hutiwa harufu, haidrojeni kwa kawaida haitiwi, kwa kuwa dawa za harufu huharibu seli za mafuta, vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme, na hakuna inayosafiri nayo sawasawa. Mwali wake nao mchana hauonekani. Wafanyakazi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, zamani walikuwa wakitembea wameshika ufagio wa nyasi mbele yao. Ufagio ukishika moto, hapo pana mwali. Leo kuna kamera na vitambuzi vya mwali, uviweke kwenye masharti. Lakini mlinzi wa usiku umsimulie habari ya ufagio, ataielewa haraka kuliko semina yoyote.

Hatua ya 4: Uliza kinachotokea asubuhi

Hapa ndipo penye uzito wote.

Mei 23, 2019, tangi la haidrojeni lililipuka mjini Gangneung, Korea Kusini, kwenye mradi wa utafiti uliotumia umeme wa jua. Wawili walikufa na sita wakajeruhiwa. Tangi halikuwa na ufa uliovujisha gesi nje. Oksijeni ndiyo iliyoingia ndani, ikachanganyika na haidrojeni mpaka ikavuka kiwango cha kulipuka, na cheche ikatosha kumaliza kazi. Uchunguzi ulionyesha kuwa mashine iliendeshwa kwa umeme ulio chini ya kiwango ilichotengenezewa.

Ndani ya mashine, haidrojeni hutoka upande mmoja na oksijeni upande wa pili, katikati pana utando. Utando wowote hupitisha gesi kidogo. Mchana jua likiwa kali, gesi nyingi inazalishwa na kile kidogo kinachopenya kinamezwa humo. Asubuhi, au wingu likipita, uzalishaji unaanguka lakini kupenya hakuanguki kwa kiasi kile kile. Chukua kijiko cha chumvi: kwenye sufuria ya ugali wa harusi hukisikii, kwenye kikombe cha chai huwezi kunywa. Kijiko ni kile kile.

Mtambo unaotumia umeme wa gridi mchana na usiku hukutana na hali hii mara chache. Mtambo wa jua hukutana nayo kila siku alfajiri na kila siku jioni, na katikati mara kadhaa msimu wa mvua. Usafi wa umeme wake na hatari yake vinatoka kwenye jua lile lile. Ndiyo maana sipendi ofisi ya mazingira ikague usafi peke yake na ofisi ya usalama ikague matangi peke yake.

Weka masharti haya, kwa maandishi, kwenye leseni yenyewe:

Mtengenezaji wa mashine ataje kiwango cha chini kabisa cha umeme ambacho mashine inaruhusiwa kuendeshwa, kwa asilimia. Umeme ukishuka chini yake, mashine ijizime yenyewe. Opareta asiwe na swichi ya kuipuuza.

Pawe na kipimo cha oksijeni ndani ya haidrojeni na kipimo cha haidrojeni ndani ya oksijeni, vyote kabla ya gesi kufika tangini. Kuzima kuwe kwenye asilimia 2 ya haidrojeni ndani ya oksijeni au chini ya hapo, nusu ya kiwango cha kuwaka. Mradi ule wa Gangneung ulikosa kipimo cha namna hiyo. Mwombaji akikuambia ni ghali, mwambie aahirishe ofisi mpya na anunue.

Rekodi ya umeme ihifadhiwe saa kwa saa, na mdhibiti apate nakala. Wenye kuuza Ulaya huenda wakalazimika kuwa nayo hata hivyo: kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, kuanzia 2030 haidrojeni ya umeme wa gridi kwa kawaida itahesabiwa kuwa ya kijani pale tu umeme huo unapolingana na uzalishaji wa umeme safi kwa kila saa. Rekodi hiyo moja itakuonyesha saa ambazo mtambo ulinunua umeme usio wake, na saa ambazo uliendeshwa kwa umeme dhaifu kupita kiasi. Ukiona saa ya pili ya namna hiyo katika mwezi mmoja, piga simu.

Hatua ya 5: Spana

Juni 10, 2019, wiki chache tu baada ya Gangneung, kituo cha kujazia magari haidrojeni kililipuka Kjørbo, karibu na Oslo, Norwei. Hakuna aliyekufa. Watu wawili waliokuwa garini karibu na hapo waliumia kwa sababu mshindo ulifyatua mifuko ya hewa ya gari. Chanzo kilikuwa bolti za kizibo cha tangi la presha kubwa ambazo hazikukazwa inavyotakiwa. Norwei, nchi yenye uzoefu wa mafuta na gesi kuliko sisi sote, na ni bolti.

Kwa hiyo usiridhike na cheti cha tangi. Dai kumbukumbu ya kukaza: bolti ipi, mkazo kiasi gani, spana ipi na ilipimwa lini, nani alikaza na nani mwingine alihakiki. Majina mawili kwa kila kizibo. Mafundi watalalamika kwamba unawachelewesha. Na kweli unawachelewesha.

Chuma nacho. Haidrojeni huingia ndani ya baadhi ya vyuma na kuvifanya vikatike kama biskuti, hasa vile vigumu sana na sehemu zilizochomelewa vibaya. Bomba lililobaki kutoka mradi wa gesi nyingine lisiingizwe bila hati ya chuma chenyewe. Viwango vya kutaja kwenye leseni ni ISO 22734 kwa mashine ya kupasua maji, IEC 60079-10-1 kwa kugawa maeneo ya hatari, na NFPA 2 ya Marekani kwa umbali na matangi. Andika na mwaka wa toleo, la sivyo kila upande utasoma lake.

Hatua ya 6: Amonia ipewe sura yake

Maombi mengi hutumia kurasa mia moja kwa haidrojeni na tano kwa amonia. Kwa jirani aliye nje ya uzio, naogopa zaidi ile ya kurasa tano. Haidrojeni ikivuja mahali pa wazi hupaa. Amonia iliyobanwa kuwa maji ikivuja hutoka kama ukungu baridi unaotambaa chini na kufuata upepo na mabonde. Sehemu 300 kwa milioni hewani zinahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha.

Afrika tuna kisa chetu. Machi 24, 1992, tangi la amonia lililipuka kwenye kiwanda cha mafuta ya karanga mjini Dakar, Senegali, na watu 129 wakafa. Lilikuwa tangi la kubebwa na gari, lililowahi kutengenezwa kwa kuchomelewa, na lilijazwa kupita kipimo. Mambo yote mawili yangeonekana kwa mkaguzi mwenye kitabu cha matengenezo na mizani ya magari.

Dai basi mizani langoni, na lori lipimwe likiingia na likitoka. Tangi lililowahi kuchomelewa lisijazwe mpaka mkaguzi wa vyombo vya presha aandike. Weka soksi mbili za kuonyesha upepo, zinazoonekana kutoka barabarani, maana mtu anayekimbia anahitaji kujua akimbilie upande gani: kukata upepo, kwenda pembeni, asikimbie na wingu.

Hatua ya 7: Zimamoto waje kabla ya moto

Hili fupi. Kikosi cha kaunti kitembezwe mtamboni kabla gesi haijaingia, si siku ya kukata utepe. Wajue vali kuu ya kufunga iko wapi na waifunge kwa mikono yao. Wajue kwamba mwali wa haidrojeni hauzimwi kwanza. Gesi inafungwa kwanza, na matangi ya jirani yanapoozwa kwa maji, kwa sababu ukiuzima mwali na gesi ikaendelea kutoka, umetengeneza wingu. Kwa amonia, maji ya mnyunyizo huteka mvuke hewani, lakini yasimwagwe kwenye dimbwi la amonia yenyewe, yataichemsha.

Majirani waambiwe kwa Kiswahili, na wale wa shambani kwa lugha yao, king'ora gani kina maana gani. Shule ifanye zoezi mara moja kwa muhula.

Hatua ya 8: Leseni ya vipande

Usitoe leseni nzima kwa siku moja. Toa ya kujenga, halafu ya kujaribu kwa gesi isiyowaka kama naitrojeni, halafu ya kuendesha kwa miezi sita, halafu ya kudumu. Katika miezi hiyo sita dai ripoti za nusura: kila king'ora kilicholia, kila mashine iliyojizima, hata kama hapakuwa na madhara. Mtambo wa jua usiokuletea ripoti hata moja kwa miezi sita haujawa salama kupita mingine. Mtu anazificha, au vitambuzi vimezimwa.

Na ziara yako ya kwanza ya kushtukiza usiifanye saa nne asubuhi, wakati kila kitu kinakwenda vizuri na chai iko tayari. Lala Naivasha. Ingia langoni saa kumi na mbili alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya vilima, nenda chumba cha opareta, vuta kiti, na utazame namba ya oksijeni kwenye kioo wakati paneli zinaanza kuamka.